Kavoi na Shomoro wa Lango la Kanisa

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti, Timothy Kavoi anakabidhi neti, kombeo na ufunguo wa stoo baada ya miaka ishirini na saba katika Mradi wetu wa Bustani za Magunia, Kibera na Kawangware. Kwenye barua ya ajira cheo chake ni Ofisa wa Kuzuia Uharibifu wa Ndege. Mitaani ni Kavoi wa Ndege, na ukimuulizia kwa cheo cha barua utazunguka mtaa wa Makina mpaka jioni.

Kwao ni Mwingi, ambako mtama ukianza kukomaa ukoo mzima huhamia shambani kupambana na ndege aina ya kwelea. Alipofika mwaka 1999 tulimcheka chinichini. Mjini kuna ndege gani wa kumlipa mtu mshahara? Wiki ya pili ndege waitwao pasa, wale wa kijivu wenye mikia mirefu, waliingia Kawangware wakala sukuma wiki za magunia arobaini, zikabaki vijiti. Hatukuuliza tena.

Namna yake ya kufanya kazi ilitukera mwanzoni. Badala ya kupiga madebe, alikuwa akiketi bustanini alfajiri na kikombe cha chai, kimya, mpaka ajue ni ndege gani anayekuja, anatoka wapi na anafuata nini. Halafu alikuwa na sheria moja: sanamu, kanda zinazometameta, chochote cha kutishia, kisizidi siku tatu mahali pamoja. "Kitu kikikaa sana, ndege hukizoea," alikuwa akisema. Lazarus, mtunza stoo wetu, humwigiza mpaka na kikohozi chake.

Lakini mwaka unaokumbukwa ni 2018. Kanisa moja la Soweto East, hapo Kibera, lilituazima ua wake, na Kavoi ndiye aliyetia sahihi. Masharti yalikuwa mepesi kuyasoma: kama hakuna mboga ifikapo Pasaka, ua unarudi na kuwa maegesho. Akina mama thelathini walikuwa wameshajaza magunia udongo kwa mikono yao. Mara mbili tulipanda, na mara mbili shomoro walikula miche yote. Shomoro naye ni mgeni kama wengi wetu. Alishuka melini Mombasa, akaifuata reli mpaka Nairobi, akapenda mitaa yetu.

Zikiwa zimebaki wiki saba, Dedan, msimamizi wetu wa wakati huo, alileta mahindi yaliyotiwa sumu. Wengi tuliafiki, na mimi nikiwemo. Kavoi aliichukua ile mifuko, akaifungia stoo na kutia ufunguo mfukoni. "Kuku wa mtaa wa Mashimoni wanaokota hapa, na watoto pia. Heri ua uende," alisema. Akina mama wengine walimnunia, na Mutanu, mwenyekiti wao, hakumsalimia kwa siku nne.

Hapo mwandishi wa maneno haya akaona aokoe jahazi. Nilitengeneza sanamu zuri, nikalivalisha aproni ya zamani ya Kasyoka, anayepika mandazi langoni. Tukapanda mara ya tatu. Asubuhi iliyofuata shomoro walikuwa wamejaa kwenye mabega ya sanamu, wametulia, wanasubiri kuhudumiwa. Kasyoka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kujificha ndani ya gunia.

Kavoi hakucheka. Aliuliza tu Kasyoka hukung'uta wapi sinia lake. Kumbe kila asubuhi, akiwa na aproni hiyohiyo, aliyamwaga makombo kando ya ukuta wa ua, na kundi zima lilimjua kwa nguo. Miche yetu ilikuwa mboga ya kuteremshia mandazi. Siku hiyo Kasyoka alipewa ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya makombo. Lazarus akaagiza kwao ziwani nyavu za uvuvi zilizochakaa, na Kavoi akatufundisha kuzivuta zikaze juu ya miche, ndege asipenye wala asinaswe. Tukapanda mara ya nne. Wiki moja kabla ya Pasaka, Mutanu alimpelekea Kavoi fungu la kwanza la mchicha, na salamu zote alizokuwa anadaiwa. Ua ule ni bustani mpaka leo.

Tangu hapo vifuniko na nyavu vimefika kwenye bustani zetu zote, na sumu haijaingia stoo tena. Amefundisha vijana wengi, na Mbula, anayechukua nafasi yake, huketi alfajiri na chai yake vilevile.

Mwezi uliopita tulimwomba aongeze angalau miaka miwili. Alikunywa chai, akafikiri, akasema, "Nimekaa mahali pamoja miaka ishirini na saba. Shomoro sasa wananisalimia." Tulicheka, ingawa hakuna aliyekuwa tayari aondoke.

Asante, Kavoi, kwa mboga za watu wasiojua jina lako, na kwa ufunguo ule uliotia mfukoni siku tulipokukasirikia. Nenda salama, upumzike, afya iwe nawe na mtama ukubali. Kwelea wa Mwingi bado hawajakuzoea.