Ndiyo ya Ufunguo Mmoja

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa injini ambaye mji mzima ulimwita Ufunguo Mmoja. Amefariki baada ya kuugua mapafu, na anazikwa leo mchana. Ameacha mjane na binti mmoja, ambaye naye ni fundi wa injini. Mshikeni huyo binti akilini. Habari ni ya baba, lakini mwenye haki humu ndani ni yeye.

Kwa nini Ufunguo Mmoja? Kwa sababu injini yoyote aliyoifumua na kuisuka upya iliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Mara moja tu. Naye, Mungu amrehemu, kujisifu hakukumpiga chenga. Mjane wake anasema, "Hata akiwasha taa ya chumbani, alikuwa ananigeukia nimpigie makofi."

Binti alikulia gerejini, kati ya mikebe ya grisi na matairi yaliyochoka. Baba alimfundisha mwenyewe. Somo lake kubwa lilikuwa hili: pistoni hupanda mara mbili. Safari moja hupanda ikibana hewa na petroli, tayari kwa moto. Safari nyingine hupanda kutoa moshi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo ng'oa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha injini polepole. Hewa ikikisukuma kidole, hapo ndipo ufunge distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Isipokisukuma, moto utakuja wakati usiotakiwa. "Usiniletee macho," alikuwa akimwambia. "Niletee kidole."

Basi likaja lori la zamani, lenye pua ndefu na taa za duara. Mwenye lori alikuwa amelirithi kwa marehemu baba yake, na alitaka limbebe mwanawe siku ya harusi. Baba na binti waliifumua injini yote. Binti alisafisha, akapima vali, akapanga waya za plagi. Ilibaki distributa.

Asubuhi ya harusi, binti alikwenda dukani kufuata oili. Nyuma yake wageni walianza kufika, wakinukia manukato, wakimsifu fundi. Huyu anasema mikono ya dhahabu, yule anasema hakuna kama yeye. Kichwa kikavimba. Akazungusha injini, akaona alama inayoonyesha kuwa pistoni imefika juu, akaifunga distributa huku anacheka na watu. Kidole hakukitumia. Aliyeifunga distributa ni baba, wasikilizaji. Binti alikuwa dukani.

Binti aliporudi, oili ikamiminwa, ufunguo ukazungushwa. Lori likakohoa. Ufunguo wa pili, likakohoa. Wa tatu, kabureta ikatema moto na masizi yakamrukia mjomba wa bwana harusi kwenye shati jeupe. Watu wakaangua kicheko.

Ufunguo Mmoja alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Akamgeukia binti yake.

"Waya umezipangaje hizi? Umefunga kuni? Nimesema kila siku, mwanamke na injini wapi na wapi!"

Hakuwa amesema hivyo hata siku moja. Siku ile ndiyo alisema, mbele ya watu wote wale. Binti alisema tu, "Baba, ngoja nikague." Baba akamwambia, "Toka hapo, umeniaibisha vya kutosha." Maharusi wakapanda gari la kuazima. Binti akafuta mikono, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mchana fundi alibaki peke yake na lile lori. Akakagua waya. Zote zilikuwa mahali pake. Akang'oa plagi ya kwanza, akaweka kidole gumba, akaizungusha injini kwa hendeli mpaka kwenye alama, pale distributa ilipoielekea plagi hiyo. Kidole hakikusukumwa na kitu. Akazungusha duru moja zaidi. Hewa ikakisukuma kidole. Hapo akajua. Distributa alikuwa ameifunga kinyume, yeye mwenyewe, kwa kosa alilomkataza mtoto tangu utotoni.

Akaigeuza, akaifunga upya. Ufunguo mmoja, lori likanguruma. Majirani wakamiminika wakishangilia, na mwenye lori, aliyerudi kutoka harusini, akiwa mbele yao. Mwenye lori akamuuliza, "Kumbe ni binti alikuwa ameharibu?"

Akajibu, "Ndiyo."

Neno moja, wasikilizaji wapendwa. Ndiyo.

Alidhani litapita na upepo. Halikupita. Binti alihamia gereji nyingine upande wa pili wa mji. Baadaye akafungua ya kwake, na wateja wakamsifu kwa uangalifu. Kumbe ule uangalifu ulikuwa kidonda. Binti aliamini kweli alikosea. Alikagua injini, akarudia, akarudia tena. Na injini yoyote aliyoisuka, hakuiwasha mwenyewe. Ufunguo alimpa mteja, kisha akaenda kusimama mbali, mgongo umegeuka.

Baba alikuwa akipita pale kwa visingizio. Leo spana, kesho gasketi. Siku moja akamwona akimkabidhi mteja ufunguo na kugeuka. Akaelewa amefanya nini. Anatuambia mjane, "Alirudi nyumbani hakula. Nikamuuliza, akasema jino." Alipokuwa akijaribu kusema, mdomo ulikuwa mzito. Na njiani kila aliyemwita Ufunguo Mmoja, aliitika. Jina lilibaki kwake, aibu ikabaki kwa mtoto. Hilo ndilo lililomtafuna.

Ugonjwa ulipomkamata, alikuja hapa studioni. Alikohoa muda mrefu kabla ya kuongea. Alisema, "Nilisema ndiyo mbele ya watu. Siku nikizikwa, nisemeeni hapana mbele ya watu." Tukamuuliza, umemwambia mwenyewe? Akainamisha kichwa. Tukamwambia, mzee wetu, redio haiwezi kukutangulia kwa mwanao.

Akaenda. Alimkuta binti ananawa mikono kwenye karai. Akamweleza yote, kidole, wageni, distributa, na ile ndiyo.

Binti akauliza, "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe, mwanangu. Nilikuwa mimi. Nisamehe."

Binti hakumkumbatia. Hakumfukuza pia. Aliendelea kunawa mpaka maji yakawa meusi, kisha akasema, "Umechelewa sana, baba." Akamletea kiti.

Sasa tunatimiza alichotuomba, na tunarudia ili asikie hata aliyechelewa kuwasha redio. Je, binti ndiye aliyeharibu lile lori? Hapana. Distributa ilifungwa na baba yake. Binti hakukosea. Hapana.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa mafundi wote wa gereji ile, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu amebeba kosa lako, na unamwona anavyotembea nalo, usisubiri mapafu yakukumbushe. Nenda leo, ungali na pumzi ya kusema.

Mwenye lori ameomba marehemu abebwe na lori lile lile. Jana alimletea binti alikague. Alilikagua, akarudia, akarudia tena. Kisha mwenye lori akanyoosha mkono kupokea ufunguo, kama wateja wote walivyozoea. Binti hakumpa. Akapanda mwenyewe, akazungusha mara moja, lori likawaka.

Akalizima. Akaliwasha tena.