Mfumo Unataka Jina la Mtoto

Kwenye Noah ya abiria kutoka Maji ya Chai kwenda mjini, binti mwenye kitambulisho cha zahanati shingoni, Violet, alimchangamkia mama wa Kimaasai aliyeketi naye. "Mama, madai ya bima sasa natuma kwa simu! Kubeba maboksi ya fomu mpaka mjini, basi tena!" Mara akashtuka. "Kumbe dai moja limegoma. Mfumo unataka jina la kichanga, na bibi yake amekataa kulitaja. Mwisho wa kutuma ni leo!"

"Amefanya vizuri. Kwetu jina linangoja sherehe."

"Tusipolipwa tutanunua dawa kwa pesa gani? Naandika Neema, wenyewe watabadilisha baadaye."

"Thubutu! Wewe nani wa kumpa jina?"

Mimi niliyeketi nyuma yao nimetembea sana, lakini simu ikigombana na bibi sijawahi kuona.

Gari likasimama Tengeru. Violet akashuka, kidole bado juu ya kitufe cha kutuma. Yule mama, aliyelipa nauli ya kufika mjini, akashuka naye.