Nyu Rilizi ya Christopha

Upepo wa Sumbawanga haukuwa na utani jioni ile. Kijiweni kwa Hamida muuza kahawa, wazee wa kujua kila kitu walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, wamebanana upande mmoja wa benchi. Upande wa pili ulikuwa mtupu tangu walipomzika mwenzao Adolfu, na hakuna aliyethubutu kuukalia. Christopha alisimama mbele yao na spika yake ndogo, kidole kwenye kitufe, roho juu. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa umetoka studio asubuhi, na alitaka hawa wausikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Kosa lake ni kuanza kwa kuwaonyesha bango aliloandika: NYU RILIZI.

— Subiri kwanza, mdogo wangu, alidaka Vicent, ambaye wote walimwita Forodha kwa miaka yake ya kupakua malori mpakani Kasesya. Rilizi ni mzigo ulioruhusiwa kupita. Nani kakugongea muhuri?

— Wimbo haugongewi muhuri, bro.

— Basi haujatoka. Umetoroka.

Alfonsi, mkulima wa Mpui, alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Tatizo siyo kutoka, ni upya. Mahindi ni mapya mpaka uyachanganye na ya mwaka jana. Huu ukishaingia kwenye simu yenye nyimbo za zamani, kwisha habari yake.

— Nisikilizeni mimi mwenye duka, alisema Mzee Zubery. Kitenge kipya ni kile ambacho hakuna aliyekivaa. Kikishaonekana msibani, natundika kingine. Kwa hiyo wimbo mpya ni ule ambao hakuna aliyeusikia.

— Umemaliza! Forodha alijipiga paja. Christopha, usithubutu kubonyeza. Bango lako litakuumbua.

— Lakini nimewaletea ninyi...

— Ndiyo tunakulinda, mshikaji!

Christopha alishusha spika. Iliuma, tena iliuma kweli. Ndipo Rhoda, mwalimu aliyehamia mtaani juzijuzi, akafika kununua kahawa.

— Shikamooni. Kelele zote hizi za nini?

— Marahaba, mwalimu, alijibu Forodha. Wimbo mpya wa huyu kijana. Mkali sana!

— Unahusu nini?

Forodha alimtazama Alfonsi. Alfonsi alichungulia kikombe chake kikavu. Mzee Zubery alikohoa.

— Adolfu, alisema Christopha.

Wote wakajikuta wanatazama ule upande mtupu wa benchi. Hamida aliweka birika chini.

— Fungulia, mwanangu, alisema Mzee Zubery taratibu. Acha uzeeke.