Mwandishi wa "Mkono Juu": Marehemu Mektilda Tarsisi Kinunda, 1981–2025

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, wakwe zetu mliosafiri kutoka ziwani, majirani na jamaa wote. Tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, ni dada yangu Mektilda. Mimi ni Nicholaus, mdogo wake. Kamati ya mazishi ilishauri wasifu huu usomwe na mtu mwingine, na ilikuwa na sababu nzuri. Nimeomba nisome mwenyewe, na sababu yangu mtaijua kabla sijafika mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 4 Machi 1981 huko Kigonsera, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Tarsisi Kinunda na marehemu mama yetu Tadea. Mama alilazimika kwenda kukaa kwa dada yake jirani na misheni wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa sababu hapa Kihulila hapakuwa na zahanati. Mpaka leo haipo. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari Songea hadi 1999, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 2002. Lakini wanaomfahamu vizuri wanajua kwamba shule yake ya kwanza ilikuwa kwenye sengu ya babu. Vijana wa siku hizi wengi hamkuiona sengu, ule mkao wa wanaume wa ukoo kula pamoja uani na kumaliza maneno yao hapohapo kwenye chakula. Mektilda ndiye aliyekuwa anapeleka ugali na maharage na maji ya kunawa. Alikuwa hachelewi kwenda ila anachelewa kurudi. Mama akimwuliza, anajibu kwamba alikuwa anasubiri vyombo, kumbe alijibanza nyuma ya ghala la mahindi anasikiliza.

Jioni, wakati tunachambua maharage, alikuwa anawaiga wazee mmoja mmoja: anavyokohoa babu kabla ya kukataa jambo, anavyojifanya haelewi yule asiyetaka kulipa faini ya mbuzi. Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga. Akimaliza kucheka anakunja uso na kusema, "Ya sengu yanabaki sengu, mwanangu." Dada alikuwa anaitikia kwa adabu zote, na kesho yake yuko tena nyuma ya ghala.

Mwaka 2003 aliajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi Mbamba Bay. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu Victor Chiwangu, fundi wa mashine za boti. Sisi Wakatoliki wa milimani na wao Waanglikana wa ziwani tulizungumza miezi saba kabla ya kukubaliana, na naamini Mektilda aliyasikiliza mazungumzo yote kutoka chumba cha pili. Walifunga ndoa tarehe 16 Septemba 2006. Mungu aliwajalia watoto wawili, Glorious aliyezaliwa mwaka 2007 na Siwema aliyezaliwa mwaka 2010.

Alianza kwa kuandika michezo ya wanafunzi, baadaye ya redio, na hatimaye tamthilia za televisheni. Hakuhamia Dar es Salaam kama wengi walivyodhani. Alikuwa anakwenda kwa kazi na kurudi. Sababu aliyokuwa akitoa ni kwamba wahakiki wake wako ufukweni. Alikuwa anashuka na daftari mahali wanawake wanapoanika usipa, anawasomea maneno ya wahusika huku wao wanageuza samaki juani. Wakiendelea kugeuza, anayafuta maneno yale. Mikono ikisimama, anayaacha. Mama mkwe wake, Bibi Scholastica, alimwambia siku moja, "Mwanangu, leo umetuharibia usipa, hatukugeuza hata mmoja." Dada aliniambia kwamba hajawahi kupata sifa iliyompendeza kuliko ile.

Sasa nifike kwenye kazi iliyompa jina, na iliyotugawa.

Mwaka 2008 baba yetu alikuwa diwani. Zahanati iliyopangwa kujengwa hapa Kihulila iliondolewa na kupelekwa kwingine. Baba alikuwemo kwenye kikao hicho. Alikuwa ameambiwa kwamba akipinga, jina lake halitarudi kwenye uchaguzi. Ilipopigwa kura ya kuihamisha, alinyoosha mkono. Mwezi Mei mwaka uliofuata, mama mdogo Siwema, mke wa baba mdogo Dunstan, alishikwa na uchungu. Wakambeba kwenye machela kushuka mlima, na akafia njiani pamoja na mtoto.

Baada ya matanga sengu ilikaa, na ndiyo ya mwisho kukaa katika ukoo huu. Baba aliulizwa. Alijibu, "Nilinyoosha mkono kwa sababu wenzangu walinyoosha." Baba mdogo Dunstan alikuwa hajanawa bado. Akasimama, akaondoka bila kugusa chakula, na baba mdogo Hamphrey akamfuata. Tangu siku hiyo hawajala kwa baba. Mektilda alikuwepo kwa ajili ya msiba, na ndiye aliyekuwa ameshika maji ya kunawa.

Miaka kumi na moja baadaye maneno yale yalisikika kwenye televisheni. Tamthilia iliitwa "Mkono Juu", habari za diwani mmoja na kata yake. Kwenye sehemu ya nane diwani yule anakaa na ndugu zake kwenye chakula, anasema maneno ya baba neno kwa neno, na mdogo wake anasimama na kuondoka. Kipande hicho cha sekunde arobaini kilisambaa kwenye simu nchi nzima. Vijana wa bodaboda pale Mbinga mjini wakawa wakimwona baba wananyoosha mikono na kucheka. Mzee wa miaka sabini akaacha kwenda sokoni, akaacha hata kwenda misa ya kwanza.

Hakuna mtu nyumbani aliyetazama zaidi ya kile kipande. Baba alisema hana mtoto anayeuza sengu, na mimi nikamuunga mkono.

Kamati imetaka tuzo za marehemu zitajwe, nami nazitaja kama zilivyo. Mwaka 2020 "Mkono Juu" iliteuliwa kuwania tuzo tatu za kitaifa za tamthilia, haikupata hata moja. Mwaka 2021 ilitangazwa Tamthilia Bora ya Mwaka, na marehemu akawa Mwandishi Bora. Mwaka 2022 iliteuliwa kwenye tamasha moja Nairobi. Mwaka 2023, ilipofikia tamati, sehemu yake ya mwisho ilipata tuzo ya Sehemu Bora. Tuzo ya kwanza marehemu aliileta hapa Kihulila imefungwa kwenye kitenge. Baba hakutoka chumbani, naye akarudi nayo Mbamba Bay. Bibi Scholastica aliitumia kukandamizia mfuniko wa ndoo ya usipa. Alisema ina uzito mzuri, na paka hawezi kuisukuma.

Ipo nyingine. Mwaka huohuo wa 2021 aliteuliwa kuwania Chaguo la Watazamaji, inayotolewa kwa kura za ujumbe wa simu. Kwenye ratiba mliyonayo mkononi imeandikwa: aliteuliwa, hakupata. Alikosa kwa kura sitini na tatu. Kundi letu la ukoo kwenye simu lina watu mia mbili na kumi. Mimi ndiye niliyeandika humo, "Atakayempigia kura Mektilda amempiga baba teke." Nikasimama pia kwenye mazoezi ya kwaya nikasema hivyohivyo, na wengi wenu mlinisikia. Mektilda naye alikuwa kwenye lile kundi. Alijibu baada ya siku mbili: "Nimeona, mdogo wangu. Wasalimie nyumbani." Kwa hiyo hapo palipoandikwa hakupata, kosa ni langu, nanyi mlioniamini hamna lawama.

Mwezi Julai 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam na baadaye Songea. Sehemu za mwisho za tamthilia aliziandika akiwa kwenye matibabu, na Glorious ndiye aliyekuwa anaandika pale mkono wa mama yake uliposhindwa. Oktoba mwaka jana madaktari walimruhusu arudi nyumbani Mbamba Bay. Shemeji Victor alimwuguza kwa mikono yake, na ukoo wa Kinunda unamshukuru, ingawa ulipaswa kufika mapema zaidi kuliko ulivyofika.

Nilimtembelea mara moja tu, mwezi Desemba. Tukazungumza habari za mvua na mibuni. Nilipoaga akaniuliza, "Nicho, ulitazama mpaka mwisho?" Nikamjibu kwamba nilitazama. "Ukaonaje?" Nikasema ni nzuri. Akatabasamu, akaniombea safari njema. Alijua kwamba ninadanganya, na alikufa akijua.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Alikuwa ameomba azikwe hapa, chini ya shamba la ngoro la mama, lile la mashimo ya mtelemkoni, na wakwe zetu kwa moyo mkubwa wamekubali. Shemeji ametueleza sababu aliyoitoa marehemu. Alisema akizikwa ziwani, baba zake wadogo watapata kisingizio cha umbali.

Jana Jumatano nilikwenda Mbinga mjini kuchapisha ratiba hii kwenye duka la steshenari la Azizi Swalehe. Azizi alinisomea orodha ya tuzo kutoka kwenye kompyuta, akafika kwenye Sehemu Bora, akasema, "Hii ya chakula iliniliza. Nyie mlionaje kule nyumbani?" Nikaanza kuhesabu hela za kuchapisha. Akanitazama. "Kaka Nicholaus, ina maana hamjaiona?" Akaahirisha kazi za wateja wengine, akanipa kiti.

Niwaeleze nilichokiona, kwa sababu wengi hapa hamkukiona. Diwani amezeeka na anaishi peke yake. Hathubutu kumwita ndugu yake. Siku moja mdogo wake anafika mwenyewe, amebeba sufuria ya ugali na maharage, na birika la maji. Anaweka chini uani. Anasema, "Mimi bado nina hasira. Lakini njaa pia ninayo. Nawa." Diwani ananawa. Wanakula. Hakuna anayesema neno jingine wala muziki haupigwi, mpaka sufuria inaisha.

Mama yetu alimkataza asitoe ya sengu nje. Aliyatoa, na aliumiza mtu kwa kuyatoa. Sitalificha hilo mbele ya jeneza lake. Lakini sengu ile haikumalizika siku ile ya 2009, na yeye aliyekuwa ameshika maji alikaa nayo miaka yote akitafuta namna ya kuimaliza. Aliimaliza mahali ambapo sisi tulikataa kutazama.

Nilirudi nikamweleza baba. Akauliza, "Huyo diwani, alinawa?" Nikamwambia alinawa. Akasema, "Basi andika kwamba nilinyoosha mkono. Usiandike habari ya wenzangu." Nimeandika kama alivyosema. Baba, asante.

Marehemu ameacha mume, Victor Chiwangu. Watoto wawili, Glorious, na Siwema anayebeba jina la mama mdogo. Baba mzazi, Mzee Tarsisi. Mama mkwe, Bibi Scholastica. Mimi mdogo wake. Na baba wadogo wawili, Dunstan na Hamphrey.

Wakati naandika haya sijui kama baba mdogo Dunstan atakuja. Kama umekuja, baba, shikamoo. Hatukuombi usahau, na huyu aliyelala hapa hakuandika kwamba usahau. Baada ya mazishi wanaume wa ukoo tutakula uani kwa Mzee Tarsisi, mahali pamoja, hakuna atakayepelekewa sahani pembeni. Mwenye hasira aje nayo, anawe tu. Ugali na maharage na maji vitaletwa na mimi, nami nitaanza kukunawisha wewe.

Pumzika kwa amani, dada. Leo usisubiri vyombo, nitavirudisha mimi.