Meza Aliyoionea Wivu Mama Libérate

Wapendwa mliofika hapa Fisksätra, Stockholm, leo, historia hii inasomwa na Maombi, mke wa Elijah, kwa niaba ya familia, na kabla ya kuanza mjue kwamba marehemu mwenyewe alisomewa akiwa kitandani, akaamuru kwamba wivu wake usiachwe nje.

Marehemu Libérate alizaliwa tarehe 3 Juni 1966 huko Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1972, kisha akasomea ualimu, na mwaka 1985 akaanza kufundisha darasa la tatu, akiwabebea uji watoto waliokuja bila kula, jambo ambalo hakulitaja kamwe, tumelisikia kwa dada yake Madeleine.

Wakati huo mchumba wake Baudouin alikuwa Budapest, Hungaria, akisoma sheria katika nchi iliyotawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti, na mwaka 1988, chama hicho kilipoanza kulegeza mkono, wanasheria kadhaa vijana walikutana kuandika rasimu yao ya sheria ya watu kuunda vyama, wakahitaji mtu wa kuwasomea sheria za Kifaransa, ndipo Baudouin akaitwa mezani, akakaa kiangazi kizima kando ya mwanasheria mmoja wa kike aitwaye Piroska, yeye akifasiri, Piroska akiandika. Desturi ya meza ile ilikuwa kila kifungu kisomwe kwa sauti mara tatu, na anayepinga aandikwe pembeni mwa karatasi, desturi ambayo Baudouin aliihamishia nyumbani kwake, hata barua za shule ya watoto zilisomwa mara tatu, na pembeni marehemu alikuwa akiandika, mara nyingi kuliko mtu yeyote, neno moja, Napinga.

Walifunga ndoa Uvira tarehe 17 Agosti 1991, na wiki hiyo hiyo kikafika kifurushi kutoka Budapest, kitambaa cha meza kilichodariziwa maua mekundu, zawadi ya Piroska, marehemu akakikunja na kumwuliza dada yake, "Kitambaa cha meza gani? Ile waliyokaa wao?" Madeleine akasema kitambaa hakina kosa, naye akajibu, "Basi kitandike kwako."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Elijah, aliyezaliwa Uvira mwaka 1993, na Zuri, aliyezaliwa Stockholm mwaka 2001, na katikati yao kulikuwa na vita, wakakimbia kupitia Tanzania, wakafika Sweden tarehe 12 Machi 1998, mizigo yote imepotea, isipokuwa picha moja iliyokuwa ndani ya koti la Baudouin, ya watu watatu wanaocheka mbele ya karatasi, Piroska akiwa katikati. Marehemu aliitazama, akasema, "Vyeti vya ubatizo vimepotea, huyu mama amefika salama."

Baudouin akawa dereva wa basi, marehemu akawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kwa miaka ishirini na moja, na mwaka 2006 akaanzisha chama chetu cha kufiwa, hiki kilichotukusanya leo kutoka mitaa ya Spånga hadi Hässelby, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, lakini ukutani kwake picha ilikuwa ile ile. Tarehe 14 Machi 2003 aliihamishia kwenye korido, nyuma ya makoti, Baudouin alipoiulizia akamwambia, "Baba Elijah, mgeni wako alisikia baridi, nimemfunika." Baudouin aliirudisha, naye akaihamisha tena, na hata Baudouin alipojigonga kidole na kulalamika kwa Kihungaria, marehemu alisema mume wake amepeleka na maumivu yake kule. Hakuuonea wivu uso wa Piroska, aliionea wivu ile meza, kwa sababu kila Baudouin alipowasimulia wageni jinsi alivyokipinga kifungu kimoja hadi kikabadilishwa, macho yake yalirudi ujanani, na katika ujana huo marehemu hakuwa na kiti, alikuwa tu msichana wa mbali anayengoja barua.

Tarehe 2 Oktoba 2024 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho, na mwezi Januari akamwita Maombi, akasema, "Mwandikie huyo mwanamke aje. Nataka kumwuliza nikiwa bado na sauti." Piroska alifika tarehe 25, mama mzee mwenye magoti yaliyovimba, akavua viatu mlangoni, akayasugua mapaja yake kwa viganja hadi viganja vikapata moto, ndipo akamshika mgonjwa mkono, na marehemu akamwuliza kwa Kifaransa, Baudouin akifasiri, "Mlipokuwa mnacheka hivyo, mimi nilikuwa wapi?"

Piroska akatoa nakala ya ukurasa wa rasimu, pembeni pameandikwa L. anapinga. Akaeleza kwamba kifungu kilitaka watu waombe ruhusa kwanza ndipo waunde chama, na Baudouin alisoma mezani barua ya mchumba wake, iliyosimulia akina mama wa soko la Uvira walioambiwa walete muhuri wa serikali kabla ya kuunda chama cha kuzikana, na ndani yake mchumba huyo aliandika, "Anayengoja ruhusa ya kuzika, maiti itamwozea." Neno ruhusa likafutwa katika rasimu yao, ingawa kama rasimu hiyo ilisaidia lolote katika sheria iliyopitishwa baadaye, Piroska mwenyewe hajui.

Baudouin alikuwa amesimama dirishani, akasema, "Mama Elijah, hapa Sweden nilipowasimulia watu walinisifu mimi. Nikanyamaza."

Siku ya tatu marehemu akamwambia, "Sasa wivu umezidi. Nilikuwepo, na sikuambiwa," akaamuru yaandikwe yote, yasomwe Baudouin akiwa amekaa mstari wa mbele, kama alivyokaa sasa, na picha ile itundikwe sebuleni, na ukurasa wa rasimu utundikwe kando yake.

Alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari, na muuguzi aliyekuwa akipasha moto mkononi kipimo cha kusikilizia moyo kabla ya kumgusa, jirani Josefin aliyempeleka mjukuu shuleni bila kuombwa, jirani Gregory aliyeondoa theluji mlangoni kila alfajiri, madereva wenzake Baudouin, wafanyakazi wenzake marehemu, na Mama Piroska aliyesafiri na magoti yale.

Historia hii ilisomwa mara ya tatu tarehe 8 Februari, marehemu akaomba kalamu, tukasogeza karatasi tukijua atakachoandika, naye akaandika pembeni, Sipingi. L.

Pumzika, mama yetu, kiti chako kipo mezani.