Imeinuliwa Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

Hamtaamini, na asiyeamini aje Geelong, huku Australia, tubishane uso kwa uso: programu yangu haijawahi kufa. Shule niliiacha mapema, lakini kila oda ya pai za duka la Shirl inapita kwenye programu ya JavaScript niliyoiandika mimi, iko kwenye seva, na nimeiwekea msimamizi, yaani programu nyingine ambayo kazi yake ni kuiinua ikianguka. Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye benchi nje ya duka lake, kahawa mkononi: mimi, Bluu, tunayemwita hivyo kwa utani maana nywele zake ni nyekundu, na Nugget, dereva wa basi mstaafu. Shirl akatoka, aproni imejaa unga.

— Klabu ya futiboli wamefuata pai zao sitini na mimi sina oda yao! Mara ya tatu wiki hii. Mkimaliza kahawa bila jibu, narudi kwenye daftari langu, na wewe Injinia kazi huna.

— Ni wale ndege weusi kwa weupe, Bluu akasema. Wanadonoa waya, oda zinavuja.

— Waya uko chini ya ardhi, we kichwa nyanya! nikamjibu.

— Basi wombati, yule mnyama mchimba mashimo.

— Wombati peke yake hawezi, Nugget akasema. Kafundishwa. Na yule mwoka mikate wa mtaa wa pili.

— Wombati anakula pai? Bluu akauliza.

— Anakula ushahidi.

— Acheni ujinga, nikasema, nikatoa simu. Tazameni msimamizi anavyoonyesha: kijani! Programu iko hai.

Tamsin, jirani aliyehamia juzi, alikuwa anamfunga mbwa wake kwenye nguzo. Akachungulia.

— Samahani jamani. Hapa pameandikwa imeinuliwa mara mia nne na kumi na mbili. Oda unazihifadhi wapi, kwenye faili?

— Faili za nini, dada? Zinakaa kichwani mwa programu. Spidi!

— Sasa ikianguka, ikainuliwa upya, nani anazikumbuka?

Nikairudisha simu mfukoni.

Hapo hapo lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, limebeba oveni mpya ambayo Shirl aliiagiza mwezi uliopita, kubwa kuliko chumba changu. Shirl akaenda kumwelekeza dereva, anatabasamu.

Haya, kuna sehemu nimeiruka. Mwezi uliopita Shirl aliniuliza biashara ya mtandaoni inaendaje. Nikamwonyesha namba ile ile ya mara ilizoinuliwa programu, inavyopanda kila siku, nikamwambia hao ni wateja.