Orrin Tollefson na Paa Lililogoma Miaka Kumi na Moja

Leo Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi jioni, Orrin Tollefson atatundika ovaroli yake kwenye msumari uleule aliopewa Aprili 1987. Kwa miaka thelathini na minane ametengeneza magari ya spoti ya zamani katika gereji yetu hapa Ashland, Wisconsin, na sehemu yake ni ile ambayo mafundi wengi huikimbia: umeme, na mapaa ya turubai yanayojikunja kwa mota. Nimefanya kazi meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Orrin hashiki gari kabla ya kulisikiliza. Huingia, hufunga mlango, huwasha swichi moja moja akiwa amefumba macho, na ole wako umsemeshe. Akitoka, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye waya wa ethi, ule unaoshikizwa kwenye bodi ya gari. Mwaka 1994 aliletewa gari ambalo ukiwasha indiketa ya kushoto, honi inalia. Gereji tatu zilikuwa zimeshindwa. Orrin alifungua boliti moja yenye kutu, akaipiga msasa, akaifunga, akaenda kula. Mwenye gari alimfuata mezani kumpa pole, akidhani amekata tamaa.

Kila Aprili, magari yakitolewa kwenye mabanda yalikolala msimu wa theluji, huja na panya ndani ya mapaa. Sisi wengine tungemaliza mambo haraka. Orrin huwakusanya kwenye kopo la kahawa, akavuka nao barabara hadi kwenye misonobari. Nina hakika baadhi yao wamerudi kabla ya wateja kuja kuchukua magari.

Lakini gari lililomshinda ni lake mwenyewe. Alilinunua mwaka 2014 kwa mtu wa Georgia: dogo, jekundu, viti viwili, na mota ya paa ambayo mtu huyo aliing'oa kwenye gari jingine, pamoja na nyaya zake zote, bila kuacha mchoro wowote. Orrin alimwahidi mkewe, Marlys, kwamba watalizunguka Ziwa Superior lote paa likiwa wazi. Paa halikufunguka. Na majira ya joto kwetu ni mafupi. Kila mteja anataka gari lake Juni. La Orrin likabaki pembeni, mwaka hata mwaka.

Mwaka jana macho ya Marlys yalianza kufifia katikati. Sasa huona pembeni tu, na anataka nafasi pana na mwanga mwingi. Ndani ya gari lile, paa likiwa limefungwa, haoni kitu. Daktari hakumwahidi kwamba majira ya joto ya mwakani ataliona ziwa. Tangu siku hiyo Orrin hakutania tena kuhusu paa. Alibadilisha fyuzi, rilei na swichi, akaipima mota mezani ikazunguka vizuri, akasafisha kila ethi aliyoiona. Niliwahi kumkuta amekaa ndani ya gari, mikono magotini, nikarudi nyuma taratibu. Sikuwa nimemwona hivyo kabla, na iliniuma.

Jumanne ya wiki iliyopita Marlys alimletea chakula cha mchana, akaketi kiti cha abiria kumsubiri. Orrin alikuwa kwenye usukani, akibonyeza swichi ya paa kama alivyobonyeza siku zote. Marlys akachoka kusubiri.

"Bwana wee, supu inapoa. Mimi natoka."

Viti vile viko chini sana, na goti lake halimsaidii. Akapapasa, akakamata chuma kilichokuwa katikati ya viti, akakivuta kwa nguvu ajinyanyue. Paa likaguna, likanyanyuka, likajikunja lote nyuma yao.

"Marlys! Umeshika nini?"

"Nimeshika kilichokuwepo! Ulitaka nishike masikio yako?"

Alikuwa amevuta hendibreki. Nyaya zile za gari jingine zilikuwa na kinga: paa halitembei mpaka hendibreki iwe juu, ili mtu asilifungue gari likiwa mwendoni. Na nani hapa Ashland huvuta hendibreki? Tangu utotoni tumeonywa kwamba ukiivuta Novemba, kamba yake itaganda na magurudumu hayatazunguka hadi jua lirudi. Tunaegesha gari kwenye gia, basi. Miaka kumi na moja, mafundi sita, na hakuna hata mmoja wetu aliyekigusa chuma kile.

"Miaka kumi na moja, Orrin?" Marlys akauliza.

Orrin alicheka hadi akaegemea usukani, kisha tukagundua kwamba sasa analia. Marlys hakumtazama. Alikuwa ameinua uso, akigeuza kichwa upande, akiangalia dirisha refu la gereji kwa pembe ya jicho. Supu ilipoa.

Jumamosi asubuhi wanaondoka, kupitia Duluth, kisha upande wa Kanada, hadi warudi Ashland kwa njia ya mashariki. Leo, baada ya kazi, samaki wa kukaanga, mlo wa kila Ijumaa hapa Wisconsin, ni juu yetu.

Ahsante, Orrin, kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kushika spana. Ahsante, Marlys, kwa kufanya kinyume chake. Tunawatakia barabara kavu, afya njema na ziwa lote. Kuhusu mvua hatuwatakii lolote, maana Marlys ameshasema: hata ikinyesha, paa lisifungwe.

Renata Pacholski, kwa niaba ya wote gerejini